Kicheko Namba Nne

Kama uliwahi kusikiliza kipindi cha Mjomba saa tatu asubuhi, basi kicheko namba nne unakijua, hata kama hukujua kwamba kina namba. Kinaanzia chini tumboni, kinakwama kooni kama mtu aliyepaliwa, halafu kinapanda mpaka mwenyewe anaishiwa pumzi na kubaki akipigapiga meza. Watu walikipenda kuliko utani wenyewe. Unaweza kuwa peke yako jikoni na kijiko mkononi, ukashtukia nawe unacheka.

Aliyekuwa akikibonyeza ni Mama Vitufe. Jina hilo alipewa kazini, kwa sababu alikuwa amekaa nyuma ya meza ya kuchanganyia sauti kwa miaka kumi na minne, mpaka kiti kikachukua umbo lake. Kila asubuhi redio ilijigamba kwamba kipindi cha Mjomba kinarushwa mbele ya watu walioketi studioni, vicheko vya kweli vya watu wa kweli. Uongo mtupu. Studioni alikuwamo Mjomba na maikrofoni yake. Upande wa pili wa kioo alikuwapo Mama Vitufe na vitufe sita, kila kimoja na kicheko chake. Mjomba akihitaji kicheko aliinua vidole chini ya kidevu: viwili kwa kile cha adabu, vitatu kwa kile cha akina mama, vinne kwa kile cha kuvunja mbavu. Walioijua siri hiyo walikuwa watatu tu, na wa tatu ndiye aliyecheka.

Huyo ni Bwana Mvua, msomaji wa hali ya hewa. Miaka kumi na mmoja nyuma, Mama Vitufe alikuwa akijaribu maikrofoni mpya, na Bwana Mvua akimsaidia kwa kusoma taarifa ya siku hiyo. Alipofika kwenye maneno "anga litakuwa kavu nchi nzima," tone la maji likadondoka kutoka darini, likatua kwenye karatasi, juu ya neno "kavu" lenyewe. Akatazama juu. Likadondoka la pili, likampata kwenye paji la uso. Basi alicheka! Alicheka mpaka miwani ikaanguka. Ukikisikiliza kicheko hicho kwa makini, mwanzoni kabisa utasikia sauti ndogo, to, tone likigonga karatasi. Mama Vitufe peke yake ndiye aliyekuwa akilisikia.

"Nitunzie hicho, dada," Bwana Mvua alimwambia, akijifuta macho. "Nikifa niendelee kucheka."

Waliitana dada na kaka, ingawa hawakuwa na undugu wa damu hata tone. Mama Vitufe alikuwa mweusi kama wenyeji wengine. Bwana Mvua alitoka kwa wale ambao babu za babu zao walikuja kwa meli wakafungua maduka. Ngozi zao nyeupe kidogo, nywele zao zinalala, na baada ya miaka yote hiyo wakiulizwa wametoka wapi, jibu la "hapa hapa" bado halikubaliki. Lakini chupa ya chai ilikuwa moja, na vikombe viwili vilining'inia kwenye misumari miwili mlangoni pa chumba cha sauti. Mke wa Bwana Mvua alimwita Mama Vitufe wifi, na sikukuu zote alimtumia bakuli lililofunikwa kwa kitambaa.

Mambo yaliharibika siku ya Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Bwana Mvua alikuwa katikati ya taarifa umeme ulipokatika. Studio ile haina dirisha hata moja, kwa hiyo giza lilikuwa giza kweli. Juu ya mlango kuna taa nyekundu inayowaka maikrofoni ikiwa hai. Nayo ikazimika. Mtu yeyote wa pale angeamini kwamba wametoka hewani, na Bwana Mvua alikuwa mtu wa pale. Alichosahau ni kwamba mwezi uliopita mafundi walifunga betri mpya. Betri hizo zililisha maikrofoni na mitambo. Taa hazikuzilisha, hata ile nyekundu.

Mlango ukafunguliwa, akaingia mlinzi wa getini kuja kuangalia kuna nini. Bwana Mvua akasikia viatu vyake.

"Wewe, hebu cheka kidogo tukuone uko wapi," alisema. "Nyinyi Mungu aliwaumba usiku, akasahau kuwasha taa."

Nchi nzima ilisikia. Mama Vitufe, nyuma ya kioo, aliona mshale wa kupimia sauti ukiruka mara mbili kwenye mwanga mdogo wa mitambo. Alijua maana yake kabla hajajua la kufanya. Alipokata sauti, maneno yalikuwa yameshafika.

Tusidanganyane, yalikuwa maneno machafu. Tangu lini ngozi ya mtu ikawa mzaha? Mlinzi ana miaka hamsini na sita, ana wajukuu, na alikuwa amekuja kuangalia kama kuna aliyeumia. Watu walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika. Kufikia saa mbili simu zote za kituo zilikuwa zikilia kwa pamoja. Kufikia saa tatu, watu kama thelathini walikuwa wamesimama getini.

Saa tatu kamili Mjomba akaketi kwenye kiti chake. Huyu Mjomba alikuwa mjomba wa kila mtu. Harusi ilinoga akifika, na sauti yake ilikuwa nzito ya kubembeleza, sauti ya mtu anayekuambia kaa, utakula. Siku hiyo aliifanya itetemeke. Akasema ameumia. Akasema hakulala, jambo ambalo lisingewezekana, maana lilikuwa limetokea asubuhi hiyo hiyo. Akasema ubaguzi ni sumu, na mwenye sumu hana nafasi mezani kwetu. Mama Vitufe alijikuta anatikisa kichwa kukubali.

Kisha ukaja wimbo, ukaja na muda wa utani. Mjomba akabana pua, akaingia kwenye sauti ya Bwana Kaunta.

Bwana Kaunta alikuwa mwenye duka wa kubuni, mwenye lafudhi ya kukwama, mwenye kunuka mafuta, mwenye ngozi iliyopauka kama karatasi ya kufungia sabuni. Mjomba alikuwa naye kwa miaka kumi na miwili. Siku hiyo Bwana Kaunta na jamaa zake wote walikuwa wanarudishwa kwenye meli. Nahodha anahofia wasije wakaizamisha kwa uzito. Mjomba akamaliza: "Nahodha, usiogope! Wapime kwa mizani yao wenyewe. Nusu yao watakuwa hawapo!"

Akainua vidole vinne. Mama Vitufe akabonyeza. To, likadondoka tone, na kicheko kikafuata. Kule getini, ambako watu walikuwa wakisikiliza kwa simu zao, kicheko kingine kikubwa kikapokea. Walicheka huku wameshika mabango. Mama Vitufe alikiangalia kidole chake kama vile ni cha mtu mwingine aliyekisahau pale mezani.

Jioni Bwana Mvua alimpigia simu. Alikuwa ameshaambiwa akae nyumbani mpaka kamati ya nidhamu ikutane Ijumaa.

"Dada, nimekosa. Nimemwomba mlinzi msamaha kwa simu, na nitamwomba tena uso kwa uso. Sikatai adhabu. Lakini nauliza tu. Mjomba ameniweka kwenye meli leo, mimi na mke wangu na marehemu mama yangu. Hakuna aliyepiga simu?"

"Hakuna, kaka."

"Hata mmoja?"

"Walipiga wawili. Walitaka kirudiwe."

Alisikia Bwana Mvua akivuta pumzi. Nyuma yake kitu kiligonga bati, kikagonga tena.

"Nini hicho?"

"Watoto wanatupia mawe mlango wa bati wa duka la chini. Wataacha." Kisha akamwomba. "Nitolee vipande vya Bwana Kaunta, kumi tu. Sitaki Mjomba afukuzwe. Nataka wasikie wao wenyewe, halafu wanipime mimi kwa mizani hiyo hiyo. Nikifukuzwa kazi kwa jina hili la mbaguzi, dada, hapa mjini hatukai tena. Na kwingine sikujui."

Mama Vitufe akakubali. Siku mbili alikaa na kanda, akachagua kumi kati ya mamia. Vipande alivyovijua kama wimbo wa shule, sasa vilimkwaruza. Na chini ya karibu kila kimoja kulikuwa na tone la mvua na kaka yake akicheka. Ajabu ni kwamba hilo halikumtisha. Alikizoea mno kicheko kile, kwake kilikuwa kitufe. Ndilo kosa lake, na ni kosa ambalo hata fundi mwingine wa vitufe angelifanya.

Alhamisi Mjomba alimkuta kwenye ngazi. Akamshika bega kwa upole.

"Mama Vitufe, nasikia unachokonoa makabati ya kanda."

"Ni kazi, Mjomba."

"Fanya kazi, mama. Mimi sina wasiwasi, watu wananipenda. Ila wakijua hakuna watu studioni, wataona wamefanywa wajinga na nani? Si mimi. Mimi sina hata kitufe kimoja." Akatabasamu. "Wasalimie wajukuu."

Ijumaa getini hawakuwa tena thelathini, walikuwa wamejaza barabara mpaka kwenye duka la dawa. Mlinzi alimfungulia Mama Vitufe mlango mdogo wa pembeni. Uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Wameuliza hata jina lako?" Mama Vitufe alimnong'oneza.

"Nani aulize? Kuna bango limenichora, halafu limenichora vibaya." Mlinzi akafunga komeo. "Mimi nilikasirika, dada yangu, na bado nimekasirika. Lakini aliniomba radhi, tena analia. Jana nikawaambia hawa, jamani, mimi ndiye niliyetukanwa, na nimeshasamehe. Mmoja akaniambia nimenunuliwa. Wakanisukuma." Akamwonyesha kiwiko kilichochubuka. "Sasa nawaogopa kuliko ninavyowalinda."

Kamati ilikaa kwenye chumba cha mikutano cha ghorofa ya pili. Kiyoyozi kilikuwa kinavuja ndani ya ndoo. Mwenyekiti alikuwa Mkurugenzi, mama mnene mwenye shingo ya heshima, na pembeni yake wajumbe wawili waliokuwa wakichungulia dirishani kila kelele za nje zilipopanda. Bwana Mvua alivaa suti ya harusi yake, ikambana mabegani. Alisema maneno machache. Alikosa, ameomba radhi, anaomba wasikilize vipande kumi kisha waamue.

Mama Vitufe akabonyeza.

Kipande cha kwanza Mkurugenzi alikisikiliza kwa uso mkavu. Cha pili, midomo ikaanza kumcheza. Kilipofika kile cha meli na mizani, mjumbe mmoja akakohoa, akajaribu kujikaza, ikashindikana. Mkurugenzi akatoa leso. Walicheka wote watatu, mabega yanatikisika, mbele ya mwanamume aliyevaa suti ya harusi yake. Bwana Mvua aliwatazama mmoja mmoja kwa zamu, halafu akaitazama ndoo.

"Samahani," Mkurugenzi akasema, akijifuta macho. "Samahani sana. Huyu Mjomba..." Leso ikabaki hewani. "Hebu rudisha."

Mama Vitufe akarudisha. Hapo ndipo alipong'amua Mkurugenzi anasikiliza nini.

"Tena. Mwisho mwisho, pale kwenye kicheko."

To. Kicheko kikajaa chumbani, kikapanda, kikaishiwa pumzi, kikapigapiga meza. Hakuna aliyekuwa akicheka sasa. Mkurugenzi alimgeukia Bwana Mvua taratibu. Kicheko hicho alikuwa amekisikia koridoni kwa miaka mingi.

"Huyu si wewe?"

Maji yalidondoka kwenye ndoo.

"Ulikuwa umekaa studioni," Mkurugenzi aliendelea, na sauti yake ilikuwa imepata nguvu mpya, ya mtu aliyefunguliwa mlango. "Ulikuwa mmoja wa wasikilizaji. Ulicheka kuliko wote. Na leo unatuletea kipande hiki hiki ukisema umeonewa?"

Sentensi moja ingetosha. Hakuucheka utani huo, kicheko nilikibandika mimi. Mama Vitufe alikuwa nayo mdomoni, tayari, imeshapangwa. Akaona watu barabarani wakiambiwa kwamba miaka yote wamecheka na mashine. Akaona mabango yakigeuzwa na kuandikwa upande wa pili. Akasikia Mjomba akisema wasalimie wajukuu. Akainama, akajifanya anaangalia waya.

Bwana Mvua alimtazama. Alimtazama kwa muda ambao mtu hutumia kukunja barua na kuirudisha kwenye bahasha.

"Ni mimi," akasema. "Ndiyo. Ni mimi nacheka."

Hawakuchukua hata dakika kumi kuamua kumfukuza.

Mama Vitufe alimkimbilia koridoni. Bwana Mvua alikuwa ameshatoa kikombe chake kwenye msumari, amekishika kwa kidole kimoja.

"Kaka, kwa nini hukuwaambia? Ungesema tu. Ungesema ni mimi!"

"Ningesema, wangekutafuna na wewe. Faida yake nini?" Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma Mama Vitufe. "Halafu nilikuwa najua unakiweka chini ya Bwana Kaunta, dada. Unadhani siisikilizi redio? Miaka yote najisikia nacheka pale."

"Ulijua? Na hukuniambia niache?"

"Nilidhani kinanisaidia. Nilijiambia, watu wakisikia mmoja wetu anacheka hivyo, wataona sisi hatuna neno, ni wenzao. Kila Mjomba alipotupandisha melini, mimi nikicheka, nahisi kama nalipia nafasi yangu ya kubaki." Akakigeuza kikombe, akakitazama ndani. "Sasa nikalipia mpaka nikasahau nilichokuwa nanunua. Jumanne, kwenye giza lile, nikadhani na mimi zamu yangu imefika. Nikadhani ni utani wa pande mbili."

Mama Vitufe alilia waziwazi, pale pale koridoni. Bwana Mvua akampa leso, akateremka kwa ngazi za nyuma. Mlinzi alikuwa amemfungulia mlango wa jikoni, akamsindikiza kwa kumkinga na mwavuli, ingawa hakukuwa na mvua. Chupa moja ilipasukia ukutani karibu nao. Waliorusha walishangilia.

Jumatatu, msumari mmoja ulikuwa mtupu. Saa tatu kamili Mjomba akaketi. Alikuwa amenyoa vizuri, na koti lake lilikuwa jipya. Aliwashukuru wasikilizaji kwa kusimama pamoja, akasema nyumba sasa ni safi. Kisha wimbo, kisha utani. Akabana pua.

Bwana Kaunta alikuwa ameacha duka. Alikuwa amepata kazi ya kusoma hali ya hewa.

"Leo mvua itanyesha," Mjomba alikwamisha maneno, "lakini nyinyi weusi hamtaloa, giza litawakinga! He? Mnanifukuza? Basi nirudishieni mwavuli wangu, niuze!"

Mama Vitufe aliapa Jumamosi. Aliapa Jumapili kanisani. Hata asubuhi hiyo, akining'iniza kikombe chake, alikuwa amejiambia kwamba kitufe cha nne kimekufa. Mjomba akainua vidole vinne chini ya kidevu, na kidole cha Mama Vitufe, kilichofanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja bila kumwuliza, kikashuka.

To.

Bwana Mvua akacheka. Alicheka kufukuzwa kwake mwenyewe, alicheka nchi nzima, majikoni, kwa vinyozi na kwenye maduka ya dawa, alicheka mpaka akapigapiga meza. Kutoka barabarani kicheko kingine kilimjibu. Mabango yalikuwa yameondoka, watu walikuwa wamebaki. Walikuwa wameshapazoea pale.

Taa ya simu ya chumba cha sauti ikaanza kuwakawaka. Namba aliijua. Akainua mkono wa simu kwa vidole viwili.

"Wifi." Ilikuwa sauti ya mke wa Bwana Mvua, ndogo na tulivu. Nyuma yake redio ilikuwa wazi, na mbali zaidi, kitu kiligonga bati. "Amekaa hapa mbele ya redio tangu saa kumi na mbili. Hasemi. Nimejaribu kuizima, ananishika mkono." Akapumua. "Wifi, nakuomba. Mmeshamfukuza. Basi mtoeni na humo ndani ya redio."

Mama Vitufe alifungua mdomo. Upande wa pili wa kioo Mjomba alikuwa ameufikisha mwisho utani mwingine, na alikuwa akimtazama. Alikuwa ametabasamu. Vidole vinne vilikuwa vimeshasimama chini ya kidevu, vinasubiri.

Akaiweka simu chini taratibu, isije ikasikika hewani, kisha akabonyeza.